Wiki ya ramen: kutoka Fukuoka hadi Asakusa

Jumatatu, Fukuoka

Uwanja wa ndege wa Fukuoka, Japani, uko mjini kabisa. Unashuka, unapanda treni ya chini ya ardhi, vituo viwili tu uko Hakata, stesheni kuu ya mji. Binamu yangu, mtoto wa shangazi, alikuwa ananisubiri getini na mwavuli. Anasoma uzamili huku, na ndiye aliyenishawishi nije.

Ukoo wetu una Pasaka na Idi. Shangazi aliolewa Tanga, wanawe ni Waislamu; sisi tuliobaki Moshi kitimoto hatuiachi. Nalisema hili mapema kwa sababu ramen ni tambi ndani ya supu, na supu ya Fukuoka, ile wanayoiita tonkotsu, ni mifupa ya nguruwe mwanzo hadi mwisho. Bwana mdogo aliweka masharti kabla hatujafika hotelini: "Kaka, nitakupeleka kote unakotaka. Nitakusomea mashine, nitakushikia begi. Kula utakula mwenyewe."

Usiku tukaenda Nakasu, kando ya mto Naka, kwenye makao makuu ya Ichiran, maduka maarufu ya ramen. Jina hili lina mizizi ya mwaka 1960 hapahapa Fukuoka, ila mtindo wake wa leo na matawi mengi ni mambo ya kuanzia 1993. Duka hili halifungwi, saa 24. Tulifika saa nne usiku na foleni ilikuwa imeshatoka nje hadi njiani.

Foleni ya Kijapani haina kelele wala "nilikuwa hapa, nimetoka kidogo tu". Mhudumu anapita na karatasi na kalamu, na kila mtu anajaza akiwa bado amesimama: supu kali au nyepesi, mafuta kiasi gani, kitunguu saumu, vitunguu vya majani, vipande vya nyama uweke usiweke, pilipili nyekundu ya siri yao, na mwisho ugumu wa tambi. Mlangoni kuna mashine ya tiketi: unaweka pesa, unabonyeza picha, kikaratasi kinadondoka. Bakuli ni kama yeni 1,000. Juu ukutani kuna ubao wa taa unaoonyesha kiti kipi kiko wazi. Binamu akanisomea kila kitu, akanisukuma ndani, yeye akaenda zake kwenye mashine ya vinywaji kununua kahawa ya kopo.

Kiti changu kilikuwa kibanda chembamba. Ubao kushoto, ubao kulia, bomba la maji ya kunywa mbele yangu, na pazia fupi la mianzi. Pazia likainuliwa, ikatokea mikono ya mtu hadi kwenye viwiko, ikachukua tiketi na karatasi. Baada ya muda mfupi mikono ikarudi na bakuli, mtu yule akainama nisiuone uso wake, na pazia likashushwa.

Mimi ni mtu wa kula na watu. Nyumbani ukila peke yako umejificha, watu watauliza una nini. Kwa hiyo nilikaa mle nikiwa na mashaka yangu. Lakini hebu niseme ukweli: huna wa kuongea naye, huna wa kumtazama, kilichobaki ni supu. Nyeupe, nzito, na katikati duara dogo jekundu la pilipili linaloanza kusambaa ukigusa tambi. Nilionja supu tupu kwanza, kisha na pilipili, kisha nikavuta tambi kwa mlio kama jirani yangu wa nyuma ya ubao. Kuvuta kwa mlio ruksa, tena hewa inayoingia na tambi inazipoza na kuipandisha harufu puani.

Nikamaliza tambi, supu ikabaki. Hapo ndipo penye utamu wa mji huu: unaagiza kaedama, yaani tambi tupu nyingine, unazitumbukiza kwenye supu ileile. Nikabonyeza kitufe, mikono ikarudi. Nilipokunywa hadi chini kabisa nikakuta maandishi ya Kijapani kwenye kitako cha bakuli. Nikayapiga picha, na nje binamu akanisomea: tone hili la mwisho ndilo furaha yetu kuu.

"Umesimama foleni karibu saa nzima," akasema, "umekula robo saa. Karibu Fukuoka."

Jumanne, Nagahama

Tuliamka mapema kwenda Nagahama, kulipo soko la samaki. Nilitaka kujua kwa nini tambi za huku ni nyembamba kiasi kile, nyembamba kuliko tambi zozote nilizowahi kula, na jibu liko sokoni.

Duka la ramen la Ganso Nagahamaya lilianza mwaka 1952, na wateja wake walikuwa wachuuzi na wapakuzi wa samaki. Mtu ana mnada unaanza, barafu inayeyuka, hana muda wa kusubiri tambi nene zichemke. Basi zikatengenezwa nyembamba, zinaiva chini ya dakika moja. Lakini tambi nyembamba zina ubaya wake: zikikaa kwenye supu ya moto zinavimba na kulegea. Ukiweka nyingi kwa mara moja, nusu ya mwisho utakula uji. Kwa hiyo wanakupa chache, ukimaliza unaongezewa nyingine za moto. Ndipo kaedama ilipozaliwa, kwa maelezo yanayokubalika hapa.

Hakuna menyu ya kukuchanganya: kuna ramen, basi. Unachochagua ni ugumu wa tambi na wingi wa mafuta, na wenyeji wanalitamka hilo wakiwa bado mlangoni. Meza ni za kuchangia. Katikati pana birika la chai, ufuta, achari nyekundu ya tangawizi, na kibirika kingine chenye sosi ya chumvi. Hiki cha mwisho ndicho kilichonifurahisha. Ukiongeza tambi mara mbili, maji yanayobaki kwenye tambi yanapunguza ukali wa supu, na sosi ile ndiyo ya kuirudisha. Nilimtazama mzee mmoja mwenye mabuti ya mpira: alimimina kidogo, akakoroga mara moja, akaonja, akaongeza matone mawili. Hakuitazama hata saa, ila alitoka kabla mimi sijafika nusu.

Ngazi za ugumu zina majina: kuna za kawaida, kuna kata ambazo ni ngumu, barikata ngumu zaidi, na harigane, yaani waya, ambazo hupita kwenye maji ya moto sekunde chache tu. Vijana wanapenda kuagiza waya kuonyesha ubabe. Nimezijaribu. Zina ladha ya unga mbichi katikati. Kata inatosha, na nitambishia yeyote.

Jioni tulitembea kando ya mto kuangalia yatai, vile vibanda vya magurudumu vinavyotokea jua likizama na kuondolewa kabla ya asubuhi. Vilishamiri baada ya vita. Miaka ya 1960 vilikuwa zaidi ya 400 mjini, leo vimebaki kama 100. Vilikuwa mbioni kufa kabisa mpaka halmashauri ya jiji ikatunga sheria ndogo mwaka 2013 ya kuvisimamia na kuruhusu waendeshaji wapya. Kila kibanda kina viti kama kumi na turubai la kuzuia upepo. Hapa watu wanaongea! Nilikaa bega kwa bega na wafanyakazi wa ofisini waliolegeza tai, mmoja akanionyesha kwa ishara jinsi ya kushika kijiko. Ramen yenyewe ilikuwa ya wastani, chumvi nyingi, na bei ya kitalii. Ningerudi kwa ajili ya viti.

Binamu alikula mayai na kabeji tupu, baada ya mahojiano marefu na mpishi kuhusu mafuta ya kikaango.

Jumatano, Kurume

Treni ya Nishitetsu kutoka Tenjin hufika Kurume kwa nusu saa na ushee. Huu ni mji mdogo, na mtu wa Dar anayejua matairi anaujua bila kujijua: Bridgestone ilianzishwa hapa mwaka 1931, na mbele ya stesheni ya JR, shirika kubwa la reli, pamewekwa tairi kubwa kuliko mtu. Lakini mimi nilifuata nguruwe.

Watu wanaisifia Fukuoka, ila tonkotsu ni mtoto wa Kurume. Mwaka 1937 Miyamoto Tokio, aliyetoka Shimabara upande wa Nagasaki, alifungua kibanda chake Nankin Senryo na kuanza kuchemsha mifupa ya nguruwe. Supu yake haikuwa nyeupe. Weupe ulikuja mwaka 1947 kwenye kibanda kingine, Sankyu. Mwenyewe, Sugino Katsumi, alitoka kwenda kununua vitu akamwachia mama yake sufuria. Moto ukazidi, supu ikachemka kwa fujo muda mrefu mpaka ikageuka nyeupe kama maziwa. Aliporudi akajua imeharibika, akaionja, akaitia viungo, na ikawa ndiyo biashara.

Kwa nini inageuka? Aliyewahi kukesha na sufuria ya makongoro anajua nusu ya jibu: mifupa na kano zikichemka kwa saa nyingi hutoa ule ute unaonata midomoni. Tofauti ni moto. Sisi tunataka supu itulie, mafuta yaelee juu, tuyaone. Wao wanataka povu la nguvu lisilokoma, ili mafuta yapasuke vipande vidogo mno, ute uyashike, yasiweze tena kujitenga na maji. Mfupa wa paja unavunjwa uboho utoke, na kichwa nacho kinaingia. Harufu yake mitaani ni kali. Binamu alifunga zipu ya koti hadi puani.

Chakula cha mchana nilikula Taiho, duka lililoanza mwaka 1953. Wao hawaishiwi supu. Sufuria haimwagwi, supu ya zamani inaongezewa mpya, siku baada ya siku, na kwa maelezo yao wenyewe mnyororo huo haujakatika tangu duka lianze. Wanaiita yobimodoshi. Nilikuwa na wasiwasi na habari hiyo, lakini bakuli lilipofika wasiwasi ukaondoka: supu ya rangi ya kahawia hafifu, vijipovu vidogo pembeni ya ukingo, na chini kabisa, baada ya kunywa, chenga laini za mfupa zilizotulia kama vumbi. Tambi ni nene kidogo kuliko za Nagahama. Hapakuwa na foleni. Mama mmoja na watoto wake wa shule, mafundi wawili, na mimi.

Kama una siku moja tu Kyushu, kisiwa hiki chenye Fukuoka na Kurume, na unapenda nguruwe, panda treni uje Kurume. Nakasu patakusubiri.

Alhamisi, Shin-Yokohama

Treni ya kasi ya Nozomi, Hakata hadi Shin-Yokohama karibu na Tokyo, chini ya saa tano. Nililala Hiroshima, nikaamka Nagoya. Binamu amechukua likizo fupi tuende wote; anadai ana deni lake Tokyo atalilipa Jumamosi, akakataa kueleza zaidi.

Tulishuka na mizigo na kwenda moja kwa moja kwenye makumbusho ya ramen, yaliyofunguliwa mwaka 1994. Ukishuka ghorofa za chini ya ardhi unaingia mtaa wa mwaka 1958: vibao vya zamani, waya za umeme, mbingu iliyochorwa rangi ya magharibi. Mwaka huo haukuchaguliwa ovyo. Tarehe 25 Agosti 1958 Ando Momofuku, akiwa Ikeda karibu na Osaka, alianza kuuza tambi za kwanza za papo kwa hapo, zilizokaangwa ili zikauke na ziive kwa maji ya moto tu. Tambi za pakiti ambazo wanafunzi wa hosteli zetu wanaishi nazo mwisho wa mwezi, babu yao ni huyo.

Ndani kuna maduka ya ramen ya sehemu mbalimbali za Japani, na wanauza bakuli dogo ili uweze kuzunguka. Sharti: kila mtu mzima anayeingia dukani aagize lake. Hilo lilimfanya binamu abaki nje kwa mara nyingine, kwenye duka la peremende za kizamani, akipindua kila pakiti kusoma viungo. Jeletini nyingi ya peremende inatoka kwa nguruwe. Herufi ya nguruwe ndiyo aliyojifunza kwanza alipofika nchi hii, kabla hata ya herufi za jina la chuo chake.

Mimi nilikula ya Rairaiken, duka la Asakusa la mwaka 1910 lililofungwa miaka ya 1970 na kufufuliwa humu mwaka 2020. Mwenyewe Ozaki Kan'ichi alikuwa ofisa wa forodha Yokohama; aliacha kazi, akachukua wapishi 12 wa Kichina kutoka mtaa wao wa Yokohama, akaanza kuwauzia watu wa kawaida tambi za bei nafuu. Ni supu ya sosi ya soya, angavu, unaona hadi chini ya bakuli. Baada ya siku tatu za mafuta ilikuwa nafuu kubwa tumboni.

Ijumaa, Tokyo

Binamu alikwenda kuswali Ijumaa Tokyo Camii, msikiti uliojengwa na Watatari mwaka 1938 na kujengwa upya kwa mtindo wa Kituruki mwaka 2000. Mimi nikaenda foleni.

Duka silitaji, maana nina neno nalo. Ni maarufu, lina viti chini ya kumi, na foleni yake inakunja kona mara mbili. Tokyo ndiyo iliyofikisha ramen kwenye nyota za Michelin, kitabu cha Wafaransa cha kupima migahawa: mwaka 2015 Tsuta, duka la Onishi Yuki, enzi hizo likiwa mtaa wa Sugamo, lilikuwa duka la kwanza la ramen duniani kupewa nyota, na watu wakajaa hadi ikabidi dukani wagawe namba asubuhi kwa kuacha amana ya yeni 1,000. Onishi alifariki mwaka 2022, bado kijana. Tangu nyota ile, msafiri yeyote anafika na orodha kwenye simu, na orodha zote zina maduka yaleyale.

Nilisimama saa mbili na nusu, kimya, kwenye upepo. Mhudumu alitoka kukusanya tiketi kabla hatujaingia, ili tambi zianze kuchemka ukiwa bado unavua koti. Ndani hakuna muziki. Mpishi ananyunyiza mafuta ya uyoga kwa kijiko kidogo, mteja anakula bila kuinua uso, anapandisha bakuli juu ya kaunta, anafuta mbele yake kwa kitambaa, anashukuru, anatoka. Supu ilikuwa nzuri, sikatai. Dagaa wakavu, kuku, sosi ya soya, kila kitu kimepimwa. Lakini nyuma yangu kulikuwa na macho ya watu arobaini mlangoni, na nilihisi kila dakika ninayokaa ni ya mtu mwingine. Nilikula haraka kuliko yule mzee wa mabuti. Yeye alikuwa na samaki wanaomsubiri. Mimi nilikuwa na nini?

Wenye maduka nao wana lao. Wajapani wanazungumzia ukuta wa yeni 1,000: bei ikipita hapo mteja wa kawaida ananung'unika, maana kwake ramen ni chakula cha mfanyakazi. Unga umepanda, gesi imepanda, na sufuria inayochemka usiku kucha inakula gesi. Ndiyo maana viti ni vichache na kila kiti lazima kizunguke mara nyingi kwa siku. Ukilijua hilo, unafuta kaunta na kuondoka bila kinyongo. Ila saa mbili na nusu sitasimama tena.

Jumamosi, Asakusa

Deni la binamu likafahamika: Naritaya, duka la ramen ya halali Asakusa, karibu na hekalu la Senso-ji. Miaka yote huku, hakuwa amewahi kula bakuli moja.

Wengi hawajui ugumu wake. Kuepuka vipande vya nyama ni rahisi. Shida ni supu, mafuta yanayomiminwa juu, na kileo kinachoingia kwenye sosi na kwenye mirini, kileo kitamu cha mchele cha kupikia. Kuna maduka yanayoandika "bila nguruwe", na hata Ichiran wana tawi Nishi-Shinjuku lisilotumia nguruwe kabisa, lakini wenyewe wanasema wazi kwamba halina cheti cha halali. Binamu si mtu wa kukisia.

Foleni ilikuwepo, fupi, ya Wamalaysia, Waindonesia na familia moja kutoka Ghuba, na ilikuwa na kelele za watoto. Bakuli likaja: supu ya kuku, vipande vya nyama, vitunguu vya majani, yai. Aliitazama kwanza. Akapiga bismillahi, akachukua vijiti, na kijana huyu ambaye wiki nzima alikuwa ananifundisha adabu zote za ramen akavuta tambi kimyakimya kama anakula kwa mkwewe.

"Vuta, bwana! Si ulinifundisha mwenyewe?"

"Kaka, niache kwanza."

Akavuta, mlio ukatoka, mtoto wa meza ya jirani akacheka. Tambi hizi zina rangi ya njano kidogo kwa sababu ya kansui, maji yenye chumvichumvi za jamii ya magadi, ndiyo yanayozipa ule ukinzani kwenye meno. Alikula bila kuongea mpaka zikaisha. Kisha akauliza swali nililolijua linakuja.

"Na ile ya Kurume ikoje, ukilinganisha na hii?"

"Ile nzito. Hii safi zaidi."

"Unanifariji."

"Ninakufariji kidogo. Lakini ya jana ya foleni ndefu, hii inaishinda."

Hilo nililisema kwa dhati. Akaridhika, akaagiza nyingine.